Ng'ombe wa familia wanalindwa na josho la kijiji: jibu kwa aliyeuliza kuhusu ndama wanaokufa

Mwenzetu wa Meatu ameuliza hivi: ameachiwa na mzee wake ng'ombe 45 wa asili, ndama karibu nusu wanakufa kabla ya kutimiza mwaka, anawapulizia dawa nyumbani kila wiki na hali haibadiliki. Ndugu wameanza kusema wauze wagawane. Josho la kijiji, yaani bwawa la dawa la kuogeshea ng'ombe, lipo ila linasuasua. Anataka kujua anunue dawa gani.

Mkuu, pole sana. Kwa maelezo yako tatizo haliko kwenye chupa ya dawa. Dalili ulizotaja, tezi kuvimba chini ya sikio na mbele ya bega, homa, halafu kuhema kwa shida, ni za ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, na ndigana kali haimalizwi na boma moja. Kupe wa kahawia wa masikioni akiwa mdogo hunyonya ng'ombe mwenye vimelea, anaanguka, anajibadili kwenye majani, kisha anapanda ng'ombe mwingine. Huyo wa pili ni wako, wa kwanza ni wa jirani, na wote wanalisha mbuga moja. Ndiyo maana nakwambia uwekeze kwenye josho la wote kabla ya kununua bomba la pili la kupulizia.

Kwanza lipime josho. Pima urefu, upana na kina, uchore alama za lita kwenye kijiti kirefu au kwenye ukuta. Bila alama hizo kila mtu anakisia, na hapo ndipo majosho mengi yanapofia. Josho la lita 15,000 likijazwa upya kwa amitraz (dawa ya kuua kupe) ya asilimia 12.5 linahitaji lita 30 za dawa, yaani lita 2 kwa kila lita 1,000 za maji. Kila ng'ombe mkubwa anatoka na lita 2 hadi 3 mwilini hata baada ya kuchuruzika. Wakipita 600, zimeondoka lita 1,200 mpaka 1,800. Kosa ninaloliona kila mahali ni kurudishia maji peke yake. Kiasi cha dawa ya kuongezea kimeandikwa kwenye kibandiko, kisome, kwa sababu hakilingani na kile cha kujazia mara ya kwanza: dawa nyingi hung'ang'ania manyoya kuliko maji, kwa hiyo josho hupungua ukali haraka kuliko linavyopungua ujazo. Mvua ikiingia ni hivyohivyo. Wekeni paa la bati na mtaro wa kupitisha maji pembeni.

Siku ya kuogesha, wanyweshwe maji kwanza, la sivyo mwenye kiu atakunywa dawa. Wapite kwenye kibwawa cha kuoshea kwato, maana tope na kinyesi vikizidi joshoni vinafunga dawa. Fanyeni asubuhi, jua halijawaka. Dawa hutuama chini wiki nzima, kwa hiyo ng'ombe 20 wa kwanza kazi yao ni kuikoroga. Warudisheni wapite mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza wameoga maji tu. Mkitumia amitraz msiwapitishe punda wala farasi, inawadhuru tumbo.

Kwa nini kila wiki? Kupe huyu huanza kumwaga vimelea kwa wingi siku ya tatu au ya nne baada ya kujishikiza. Ukiruka wiki moja masika umempa muda wa kutosha. Wakati wa mvua nyingi mimi napendekeza siku 5. Na hata mkipuliza kwa bomba, ng'ombe mkubwa anataka lita 5 hadi 10, alowane ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele na kati ya miguu. Bomba la lita 20 kwa ng'ombe kumi ni kulowesha mgongo, mahali ambapo kupe huyu hakai.

Sasa watu. Kamati ya josho iwe na daftari la mahudhurio kwa kaya: jina, idadi iliyotarajiwa, idadi iliyopita. Tuseme mnachanga shilingi 100 kwa kichwa. Ng'ombe 600 ni 60,000 kwa wiki. Hesabu hiyo isomwe hadharani palepale joshoni, pamoja na lita zilizoongezwa. Michango hufa pale ambapo watu hawaoni chupa iliyonunuliwa. Mjane au mzee asiye na mchungaji, vijana wa zamu wapitie kumchukulia ng'ombe zake. Asiye na hela leo aandikwe deni, ila ng'ombe wake waoge. Ng'ombe aliyebaki nyumbani ndiye atakayerudisha kupe mbugani, na gharama yake tutailipa wote.

Ndama wako wanahitaji pia chanjo ya ndigana kali. Hapa napo huwezi kwenda peke yako: mrija mmoja wa chanjo hutoa dozi 40, huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na ukishayeyushwa haurudishwi. Ukiwa na ndama 12, tafuta majirani mpaka mfike 40, kisha mwiteni mchanjaji aliyeidhinishwa. Atadunga mililita 1 chini ya ngozi karibu na sikio, na papo hapo antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini (OTC) ya asilimia 30, mililita 1 kwa kila kilo 10. Simameni naye muangalie uzito unapimwa kwa utepe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Uzito ukikisiwa chini, ndama anapata vimelea hai na dawa pungufu, anaugua kwa chanjo yenyewe, halafu kijiji kizima kinasema chanjo inaua. Ndama mgonjwa au aliyedhoofu asubiri. Mkishachanja, wapimeni joto kwa wiki tatu. Na josho liendelee, kwa sababu chanjo hii haizuii magonjwa mengine ya kupe: ndigana baridi, kukojoa damu wala maji moyo.

Aliyekwisha ugua: joto likivuka 40 na tezi zimevimba, dawa yake ni buparvakwoni ya asilimia 5, mililita 1 kwa kilo 20, kwenye msuli wa shingo. Ng'ombe wa kilo 240 ni mililita 12, gawa sehemu mbili. Afisa mifugo ataamua kama irudiwe baada ya siku 2 au 3. Povu likishatoka puani mara nyingi mmechelewa. OTC peke yake haiponyi ndigana kali, ingawa wengi hukimbilia hiyo kwa sababu ni rahisi. Maziwa ya ng'ombe aliyedungwa wasipewe watoto mpaka siku za kwenye kibandiko ziishe.

Malisho nitayapitia haraka kwa kuwa nyie Usukumani mna ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa kwa ajili ya kiangazi, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulishaonyesha kwamba majani na miti hurudi. Funga mvua zinapoanza, fungua kiangazi kipande kwa kipande, na bakiza kipande cha mwisho kwa maksai na ng'ombe wanaonyonyesha, kwa sababu maksai aliyekonda Novemba hawezi kuvuta jembe. Mipaka iingie kwenye sheria ndogo ya kijiji, ipitishwe na mkutano mkuu na halmashauri ya wilaya.

Kuhusu ndugu, fungua daftari la pili wiki hii. Kila ng'ombe na namba ya hereni, mama yake, tarehe ya kuzaliwa, na ni wa nani: wa marehemu mzee, wa mama, wa mdogo wako, wa mahari, au wa mtu aliyewaweka kwenu mumtunzie. Kikao cha ukoo kikisaini, neno la kugawana linapungua makali. Uchungaji gawaneni zamu na kaya tatu au nne ili watoto wasikose shule.

Jambo moja msilifanyie ukarimu: ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au mkunduni. Inaweza kuwa kimeta. Asichunwe, asipasuliwe, nyama isigawiwe kwa jirani hata kama njaa ipo. Mwite afisa mifugo, afukiwe kina cha mita 2, na mbwa wafungwe.

Kesho kabla ya kufungulia zizi, shika kila ndama chini ya sikio na mbele ya bega, pima joto, halafu nenda na kijiti ukapime josho. Tuandikie hapa: ndama wangapi wana tezi, joto lao, uzito wa utepe, na josho lina lita ngapi. Tukishaona hizo namba tutajua waanzishiwe tiba wangapi siku hiyohiyo na wangapi waingie kwenye orodha ya wale 40.