Usiniamini nikikwambia "vitaachia"

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Unafanyaje viatu vipya visikuchubue miguu?" Mimi nauza viatu Soko la Memorial, Moshi, mwaka wa kumi na moja huu, mitumba upande mmoja wa meza na vipya upande wa pili. Kwa hiyo sina budi kuanza kwa kuungama. Ile kauli ya "chukua tu dada, vitaachia" nimeisema mara nyingi mno. Namwona mteja kakunja uso, vidole vimepandana kama abiria wa daladala ya jioni, na bado neno linanitoka: vitaachia.

Kinachoachia ni ngozi halisi, nayo huachia kwa upana tu. Urefu ni uleule hata ukilala navyo. Ngozi bandia ndiyo kabisa: itanue usiku kucha, asubuhi imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Ule ujanja wa kutia vifuko vya maji ndani ya kiatu na kukiweka kwenye friza ili barafu ikitanue niliujaribu kwa jozi moja ya kike ya ngozi bandia. Kifuko kikapasuka, soli ya ndani ikabanduka, na kiatu kikabaki na ubanaji wake. Wa kuloweka maji na kuanika juani ndio siushauri kabisa, maana ngozi ikikauka hivyo hukakamaa na kupasuka.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla hujatoa hela. Njoo alasiri. Mguu ulioshinda umesimama huvimba kidogo, na kiatu kilichokukaa vizuri saa mbili asubuhi kinaweza kukukaba saa kumi. Jaribu vyote viwili, kwa kuwa watu wengi wana mguu mmoja uliouzidi mwenzake, na namba uchukue ya ule mkubwa. Kati ya namba 41 na 42 kuna milimita zisizofika 7, lakini milimita hizo ndizo kidole kirefu kinapumulia. Njoo na soksi utakazovaa. Kisha tia mkono ndani, upapase mshono mmoja mmoja, hasa pale nyuma kisigino kinapokaa. Nimewahi kukuta ncha ya msumari humo, kwenye kiatu kilichong'arishwa kikawaka kama kioo. Kama mkono wako umekwaruzwa kwa sekunde mbili, kisigino chako kitakwenda nacho hatua elfu ngapi?

Watu wengi wanaogopa kiatu kinachobana tu. Kinachopwaya nacho kinachubua, pengine zaidi. Lengelenge halitokani na upya wa kiatu. Linatokana na ngozi kuvutwa huku na huku juu ya nyama iliyo chini yake, mara mamia kwa mamia, na jasho likiongeza mvuto. Kila Januari wazazi wanakuja kununua viatu vyeusi vya shule. Wengine hawaji na mtoto, wanakuja na karatasi ya daftari iliyochorwa unyayo kwa penseli, na wanataka namba mbili juu ya unyayo huo "ili avae mpaka mwakani". Nawaelewa, hela haitoshi. Lakini mtoto anayetembea kwenda shule na kiatu kinachopanda na kushuka kisiginoni, ifikapo Jumatano anakikanyaga kwa nyuma kama ndara. Nawaomba wachukue namba moja tu juu, chenye kamba, na waweke soli ya ziada ndani. Kamba zikikazwa vizuri juu ya mguu, kisigino kinatulia.

Umeshanunua? Usitoke navyo barabarani siku hiyohiyo. Vivae nyumbani jioni na soksi nene, nusu saa leo, saa moja kesho, huku unaosha vyombo. Kama ukingo wa nyuma ni mgumu, mpelekee fundi viatu. Fundi wangu hufunika kitambaa, anauweka juu ya chuma chake na kuugongagonga kwa nyundo taratibu mpaka ulegee. Dakika tano hazifiki. Palipobana kwenye kidole kidogo, anatia lile umbo la mti lenye sura ya mguu na kukilaza nalo kiatu usiku mzima. Kwa ngozi halisi inasaidia sana. Nyumbani unaweza kusugua ukingo wa ndani kwa mshumaa au kipande cha sabuni kikavu ili uteleze. Mafuta ya mgando yanafaa kwa safari fupi, ya kanisani na kurudi. Ukienda mwendo mrefu yanalainisha ngozi na mambo yanakuwa mabaya kuliko mwanzo.

Lakini somo lenyewe nilifundishwa na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wale wanaojiita wagumu. Kijana mmoja alinunua kwangu buti jioni, kesho yake akaanza kupanda kwa njia ya Marangu na mzigo wa watu kichwani. Nilimwambia vitaachia. Alifika kambi ya Horombo, mita 3,720, visigino vyote viwili vimebaki vyekundu kama nyama buchani, akamalizia safari na raba za kuazima. Aliporudi hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda changu, akavua soksi, akanionyesha. Heri angenigombeza.

Tangu hapo buti nazipima hivi: usifunge kamba, sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele, kisha pitisha kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino. Kikipita bila kulazimishwa, chukua. Na wateja wangu waongoza watalii wanabandika plasta kabla ya kuanza kutembea, hawangoji kidonda. Si lazima iwe ya bei. Ile ya karatasi, wanayoshikizia sindano ya dripu hospitalini, inatosha. Mmoja wao alinisomea kwenye simu kwamba mwaka 2016 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya kuijaribu kwa wakimbiaji 128 wa mbio za kilomita 250, na malengelenge yakapungua kwa asilimia 40. Ukisikia mahali panaanza kuchoma, simama hapohapo ubandike. "Nikifika nitaangalia" ndiyo iliyommaliza yule kijana.

Lengelenge likishatoka, dogo liache. Kubwa linalouma unaweza kulitoboa pembeni kwa sindano safi, ila ile ngozi ya juu usiichune, ifunike. Mwenye kisukari asijitibu, aende zahanati.

Ninapoandika haya nimevaa viatu vya sare ya kamati, kwa ajili ya sendoff ya binti wa shemeji yangu mwezi ujao. Ya mwaka juzi niliingia ukumbini nikicheza na zawadi kichwani, nikatoka na kandambili za mpishi. Safari hii nimevivaa na soksi za mume wangu za shambani, na watoto wamecheka mpaka wamechoka. Leo siku ya nne. Cha kulia kimetulia. Cha kushoto bado kinanigusa pale mshononi, kesho nikifungua meza nitakipitisha kwa fundi.