Uliza Tukujibu: Fimbo moja ya boya, kuanzia perege hadi kambale

SWALI: Navua Mto Pangani hapa Korogwe, na siku nyingine kwenye mabwawa ya mashambani. Siku zote natumia mwanzi, ila sasa nataka fimbo moja ya dukani ya kuvulia kwa boya, imfae perege na isivunjike akitokea kambale. Nimeonyeshwa ya mita 2.1, ya mita 3.6 yenye vipande vitatu, na ya mita 5 inayochomolewa kama antena ya redio. Muuzaji anasema zote zinafaa kwa kila kitu. Nichukue ipi? (Msomaji, Korogwe)

JIBU: Chukua ya mita 3.6. Ukiikuta ya 3.9 ni bora zaidi, lakini usikae mwaka mzima ukiisubiri.

Ile fupi imetengenezwa kwa kurushia chubwi zito au samaki wa bandia. Ukiitumia kwa boya utateseka: mshipi mwingi utalala juu ya maji, mkondo utaubeba, na boya litaburutwa kuja ukingoni kabla chambo hakijatulia. Fimbo ndefu huuinua mshipi huo hewani. Tena boya lililofungwa mahali pamoja haliwezi kutumika kwenye kina kinachozidi urefu wa fimbo, maana unapozungusha rili (kifaa cha kukunjia mshipi), boya linakwama kwenye pete ya ncha huku samaki bado yuko chini kabisa. Na kwa Pangani, au Ruvu na Wami kwa wenzetu wa Bagamoyo, urefu una faida nyingine isiyoandikwa kwenye lebo: unasimama hatua tatu nne nyuma ya ukingo. Mito hiyo ina mamba.

Kwa nini basi tusiende moja kwa moja kwenye mita 5? Kwa sababu za bei nafuu ni za faiba, na faiba ya urefu huo ni nzito upande wa ncha. Baada ya saa moja mkono umechoka, na mkono uliochoka huchelewa kunasa. Perege hasubiri mtu.

Urefu ukishaamuliwa, pima nguvu. Baadhi ya fimbo za boya zimebuniwa kwa samaki wa Ulaya na huandikwa nguvu kwa pauni. Yako iwe na pauni 1 hadi 1¼, yaani gramu 450 hadi 570. Maandishi ya fimbo za bei rahisi hayaaminiki sana, kwa hiyo nenda dukani na mshipi na chupa ya maji ya nusu lita. Omba ruhusa, toka nje penye nafasi, unga fimbo, pitisha mshipi kwenye pete zote, uushike kwa mkono kwenye mpini, kisha funga chupa upande wa ncha. Inua taratibu huku mpini ukiwa sawa na ardhi. Ncha ikipinda hadi kukaribia kutazama chini, umeipata. Ikitikisika kidogo tu, hiyo ni fimbo ngumu, na itampasua perege mdomo, kwani mdomo wake ni mdogo na una ngozi nyembamba pembeni. Ikipinda hadi mpini nao unalegea mkononi, kambale akikimbilia mizizi hutaweza kumgeuza. Tazama pia inapopindia: mpindo mzuri huanzia nchani na kushuka hadi katikati, bila kona kali mahali popote. Ukiona kona, hapo ndipo itakapovunjika.

Hesabu na pete. Kwa fimbo ya urefu huu karibu pete moja kwa kila futi ndiyo sahihi, yaani 11 au 12. Zikiwa chache, mshipi uliolowa unagandana na fimbo katikati ya pete na kutupa kunakuwa kwa shida. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa uzi, ina ufa utakaokata mshipi wako. Kwenye maungio, acha uwazi wa milimita chache pale vipande vinapokutana. Muungo unaofunga kabisa ungali mpya hauna nafasi ya kuendelea kubana utakapochakaa. Ukilegea baadaye, pakaza nta ya mshumaa.

Ukiweza kulipia kaboni, lipia, ni nyepesi mno. Lakini kaboni hupitisha umeme. Maeneo ya Hale na kuelekea maporomoko ya Pangani kuna nyaya za msongo mkubwa. Usiibebe ikiwa imeungwa na kusimamishwa unapopita chini yake, na radi zikianza ilaze chini uondoke. Huko huko, chini ya mitambo ya umeme, maji hupanda ghafla yanapofunguliwa, kwa hiyo usijitenge na nchi kavu kwa kusimama juu ya mawe ya katikati.

Sasa siri ya fimbo moja kwa samaki wengi: unachobadilisha ni mshipi na ndoana. Nunua rili ya ukubwa wa 2500 au 3000 yenye bobini mbili. Ya kwanza ijaze mshipi wa nailoni wa milimita 0.20, unaohimili kama kilo 3. Kwa perege, mwishoni funga sentimita 30 za mshipi wa 0.16, ukikatika upoteze ndoana tu, na ndoana namba 10. (Namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo, wengi hubeba kinyume.) Chambo kiwe mnyoo au donge la ugali uliokandwa ukashikana, ukubwa wa punje ya hindi.

Bobini ya pili iwe ya 0.25, kilo 4 hadi 5, na ndoana namba 2 au 4 kwa kambale, chambo kikigusa tope. Minyoo kadhaa pamoja au utumbo wa kuku, kuanzia jua linapozama. Usipande zaidi ya hapo. Mshipi ukizidi nguvu ya fimbo, ndoana ikinasa kwenye gogo kitakachovunjika ni fimbo. Ikinasa, elekeza fimbo kwenye gogo, zungushia mshipi kijiti na uvute kwa kijiti. Kambale wa kilo 3 penye maji ya wazi anatoka kwa fimbo hii. Wale wa kilo kumi waachie mshipi wa mkono. Unapomtoa, jihadhari na miiba miwili ya mapezi ya mbavuni.

Breki ya rili ipime kwa chupa ya lita moja yenye maji ikining'inia kwenye mshipi unaotoka moja kwa moja kwenye rili: kwa mshipi wa kilo 3 ianze kuachia mshipi hapo hapo, si baadaye. Ningu usimwekee matumaini. Hukwangua ukoga wa mawe na ni nadra kushika chambo. Mwanzi wako usiutupe, kwa perege wadogo wa bwawani bado ni mzuri kuliko fimbo nyingi.

SWALI: Navua Ruvu. Chambo kinaliwa lakini boya halitikisiki. Ni fimbo au ni mimi? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Ni risasi (vile vipande vya uzito kwenye mshipi) na kina. Boya lako pengine limesimama sentimita tano juu ya maji, na perege hana nguvu ya kulizamisha, au hataki. Ongeza vipande vidogo vya risasi kwenye mshipi hadi ibaki ncha ya sentimita moja. Penye mkondo tumia boya lenye tumbo upande wa juu, gramu 3 hadi 4. Lile jembamba husukumwa likalala. Rundika risasi nyingi pamoja, nusu mita juu ya ndoana, na kipande kimoja kidogo sentimita 20 kutoka ndoana: hicho ndicho kinachokupa habari mapema.

Kupima kina, tundika chubwi kwenye ndoana. Boya likizama lote, kina kimezidi, lipandishe. Likilala, limepanda mno, lishushe. Penye kina kinachoizidi fimbo, acha boya liteleze na uweke fundo la uzi wa kuzuia juu yake, na shanga kati ya fundo na boya. Bila shanga, fundo hupenya tundu la boya.

Na ukielekea Wami upande wa Saadani, kumbuka ndani ya hifadhi huruhusiwi kuvua bila kibali. Leseni ulizia ofisi ya uvuvi ya halmashauri.

SWALI: Naweza kuivulia baharini pia, pale Raskazone? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwa samaki wadogo wa kando, ndiyo. Ukirudi, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa miguu ya pete na mahali rili inapokaa. Rili ifunge breki kabla ya kuiosha, uilegeze baadaye. Kama ni ya kuchomoa, futa mchanga kabla ya kuirudisha ndani. Ikikwama, izungushe ukiibana kwa vipande vya mpira. Ukiivuta kwa nguvu unazidi kuikaza au unaipasua.