Dada wa Masasi, usinunue hiyo poda ya seli shina

Rudisha hela mfukoni kwanza. Umesema mama amemaliza mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar, sasa choo kinatoka na damu, na kuna mtu anakuuzia pakiti za "seli shina" (seli changa zinazozaa seli nyingine) za kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Ukauliza kama zinafanya kazi, na kama msogeze mbele kliniki ili mpate hela ya pakiti.

Kusogeza kliniki! Hapo ndipo nimeshindwa kunyamaza.

Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Hela ya korosho ilipoingia, nikaipeleka yote kwa jamaa aliyefanya semina hapa Mtwara mjini: koti jeupe, projekta, maneno matamu. Safari ya Dar nikaiahirisha, poda ifanye kazi kwanza. Damu inatoka kidogo kidogo, mimi nakoroga. Nikimpigia, "Sumu hiyo inatoka, ongeza dozi." Sumu ya nyoko! Mama akaanguka uani, kufika hospitali viganja vyeupe kama karatasi, akaongezewa damu. Jamaa kashabadilisha laini. Walionenepa kwa ile poda ni yeye na kuku wangu, maana mabaki niliwamwagia.

Kilichoniponza ni kwamba habari zake nyingi zilikuwa za kweli. Mwaka 1958 watu waliopigwa na mionzi kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Vinča, Yugoslavia, walipelekwa Paris na Daktari Georges Mathé akawawekea uloto wa watu waliojitolea. Uloto ni ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, na humo ndimo zinamokaa seli shina. Mionzi mikali ikimpata mtu mwili mzima, uloto unakufa. Hakuna seli nyeupe mpya za kupigana na vijidudu, hakuna chembe sahani za kugandisha damu. Utumbo uliochubuka unavuja damu, bakteria wanapenya bila kizuizi. Seli shina zikiingizwa kwa dripu husafiri na damu hadi ndani ya mifupa, zikatulia humo, na baada ya wiki mbili mpaka nne hivi huanza kutoa seli mpya. Damu inaganda, vijidudu vinadhibitiwa, utumbo unapata nafasi ya kujiziba. Unajiziba wenyewe, dada. Zile seli kazi yao ni kutengeneza damu.

Mama yako kapigwa mionzi nyonga tu, uloto wa kwingine upo. Na hata angehitaji, seli hai hutunzwa kwenye baridi kali na lazima zilingane na za mgonjwa. Hata ndugu wa tumbo moja, nafasi ya kulingana kamili ni robo. Poda iliyoshinda na joto la Masasi ina seli gani? Ukiimeza, tumbo linaimeng'enya pamoja na ugali.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, muulize muuzaji: inaingilia wapi? Akisema mdomoni, ondoka. Seli shina haimezwi. Nimeilipia sentensi hiyo msimu mzima wa korosho.

Damu ya chooni kama hiyo ya mama inaweza kuanza hata miezi au miaka baada ya mionzi, na ina matibabu yake; wanaingiza kamera wanaangalia inapotokea. Kama Dar haiwezekani wiki hii, mpeleke hospitali ya Ndanda wampime wingi wa damu. Bebeni karatasi zote za mionzi, wasianze kubahatisha.