Kwa Nini Silver City: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimetufikia, na mama yako anakusalimu sana. Umeuliza kwa nini, sasa tunapostaafu na kuiacha Phoenix, Arizona, tumechagua Silver City, mji mdogo wa New Mexico ambako hatuna ndugu wala rafiki, badala ya kwenda Sun City wanakokwenda wazee wengi, au kununua kiwanja cha bei nafuu kusini mwa Arizona, au kurudi kwetu Mbeya. Ni swali la haki, nami nitalijibu kwa kirefu, kwa kuwa najua hukuuliza ili kutupinga.

Kuhusu Phoenix yenyewe sina haja ya kueleza mengi. Mwaka 2023 joto la mchana lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo, na katika Kaunti ya Maricopa watu zaidi ya 600 walikufa mwaka huo kwa sababu zinazohusiana na joto. Mzee ambaye uhai wake mwezi wa Julai unategemea kiyoyozi kisiharibike hawezi kusema amepata utulivu, hata kama mtaa wake hauna kelele.

Sun City iko katika bonde lile lile la Phoenix lenye joto lile lile, kwa hiyo kuhamia huko kungekuwa kubadili mtaa tu. Ilifunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya wastaafu, na sheria inairuhusu jumuiya ya namna hiyo kuzuia vijana mradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu wa miaka 55 au zaidi. Wajukuu huruhusiwa kutembelea kwa muda maalumu, lakini hawaruhusiwi kuhamia. Wapo wanaoupenda utaratibu huo, wala siwalaumu, ila mimi sitaki kuishi mahali ambapo mjukuu wangu akipatwa na shida nitalazimika kuomba kibali ili alale chumbani kwangu.

Tulipoanza kutafuta, tulijiwekea swali moja kwa kila mji: bei ya hapa iko chini kwa sababu gani? Hakuna mahali panapouza nyumba kwa bei ya chini bila sababu, iwe inaonekana au imefichwa, na kazi ya mnunuzi ni kuijua kabla hajatia sahihi, kisha kujiuliza kama ni sababu ambayo yeye, kwa umri wake na afya yake, anaweza kuishi nayo.

Karibu na Willcox, katika Kaunti ya Cochise, dalali mmoja alituonyesha ekari kadhaa zenye nyumba ya kuhamishika, kwa bei iliyokuwa chini ya bei ya gari jipya. Mimi nilikuwa natazama milima. Mama yako alikwenda moja kwa moja jikoni akafungua bomba, likakohoa hewa, likatoa maji membamba yenye rangi ya kutu, kisha likanyamaza. Dalali akasema kisima kinahitaji kuchimbwa zaidi kidogo, na kwamba majirani kadhaa huletewa maji kwa lori. Hapo sababu ikawa imejitokeza yenyewe. Sheria ya Arizona ya mwaka 1980 kuhusu maji ya chini ya ardhi ilijishughulisha zaidi na maeneo ya miji mikubwa. Kwingineko mashamba makubwa yaliendelea kuvuta maji kwa pampu zenye nguvu, na katika bonde la Willcox ardhi imedidimia na kupasuka huku visima vifupi vya watu wa kawaida vikikauka. Ni majuzi tu jimbo limeliweka bonde hilo chini ya usimamizi. Na usidhani balaa hili ni la maskini pekee, kwani tarehe 1 Januari 2023 mji wa Scottsdale uliacha kuwapa maji wachukuzi wa malori waliokuwa wakiwahudumia wakazi wa Rio Verde Foothills, mahali penye nyumba za fahari kabisa. Tangu siku ile hatukutazama tena nyumba yoyote isiyopata maji ya bomba ya mji.

Bisbee, mji mwingine wa kusini mwa Arizona, tuliupenda kwa macho. Migodi yake ya shaba ilifungwa katikati ya miaka ya 1970, wasanii wakaingia, na nyumba zake ndogo zimeshikilia kingo za bonde kwa namna ya kuvutia. Lakini nyingi hufikiwa kwa ngazi ndefu za zege, na kila mwaka mji huo huandaa hata mbio za kupanda ngazi. Mama yako alisimama chini na goti lake, akaitazama nyumba tuliyoahidiwa, akaniuliza mtungi wa gesi ungebebwa na nani. Deming, huko New Mexico, nako bei ni ya chini kweli, ila upepo wa masika huleta vumbi zito ambalo kifua changu hakikuliafiki.

Silver City basi. Uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, zaidi kidogo ya Mbeya, hivyo kiangazi chake kinavumilika na baridi yake si ngeni kwetu, isipokuwa theluji ya siku chache. Wakazi hawafiki 10,000. Kuna hospitali, chuo kikuu, maktaba nzuri, na basi dogo la umma, Corre Caminos, kwa siku ambazo hatutaki kuendesha gari.

Bei yake iko chini kwa sababu mbili. Ya kwanza ni shaba, maana ajira nyingi hutegemea migodi iliyo jirani: bei ya madini ikianguka, ajira huanguka nayo, kama ilivyokuwa mwaka 2008 shughuli katika mgodi wa Chino zilipositishwa, na hapo watu huhama. Kwa kijana mwenye familia hiyo ni hatari kubwa, nami nisingekushauri wewe uhamie huko, lakini malipo yetu ya Social Security, yaani pensheni ya serikali ya Marekani, hayategemei bei ya shaba. Sababu ya pili ni umbali, na hii ndiyo iliyotunyima usingizi. Kwa madaktari bingwa wengi itabidi twende Las Cruces, mwendo wa karibu saa mbili, na New Mexico kwa jumla ina upungufu wa madaktari. Kwa hiyo, kabla ya kukubali chochote, mama yako alipiga simu kliniki za huko akauliza kama wanapokea wagonjwa wapya wa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, na kwa kusubiri muda gani. Usipuuze simu hiyo iwapo siku moja utamtafutia mzee makao.

Moto pia tuliufikiria. Mwaka 2022 moto ulioitwa Black Fire uliteketeza zaidi ya hekta 130,000 katika misitu ya Gila, na ndiyo maana hatukwenda kwenye misonobari nje ya mji, ambako bima nayo ni taabu, bali tumepanga nyumba katikati, karibu na Barabara ya Bullard. Kodi ya mapato haikuwa na uzito wowote: Arizona haitozi malipo ya Social Security, na New Mexico imewasamehe watu wenye kipato kama chetu tangu mwaka 2022.

Mbeya tunaipenda, nawe wajua. Malipo yetu, tukiwa raia, yangeweza kutufuata huko, lakini Medicare haigharamii matibabu ya Tanzania, na moyo wa mama yako unahitaji vipimo vya mara kwa mara. Kinachotuuma zaidi ni Kiswahili. Phoenix tuna Wakongo na Watanzania wa kusali nao na kuzika nao. Silver City Jumapili tutakuwa wageni, na sijui kuufanya upungufu huo uonekane mdogo. Tumekubaliana kurudi Phoenix kwa ibada za sikukuu na kwa kila msiba.

Swali lako la mwisho lilikuwa tutafanya nini tukizidiwa. Siku ambayo hakuna kati yetu atakayeweza kuendesha gari hadi Las Cruces na kurudi mchana mmoja, tutahamia Las Cruces, na ndiyo sababu tumepanga badala ya kununua. Nakala ya mkataba nitakutumia. Tafadhali usome hasa kipengele cha kuhama kabla ya muda, kisha uniambie kama kuna tulichopitiwa.

Wako,
Baba