Maswali Yenu: Ule Mkanda wa Shingoni kwa Tembo

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mkulima huku karibu na Voi, msimu huu mahindi yangu yameliwa na ndovu mara mbili, na mara ya pili tulipomulika tochi tukaona mmoja amevaa mkanda mpana shingoni. Kama kuna watu wanajua huyo ndovu yuko wapi, mbona hakuna aliyetupigia simu kabla hajaingia shambani?

JIBU: Mama pole sana, manake kulima miezi yote hiyo halafu usiku mmoja kila kitu kinaisha, inauma kuliko mtu wa mjini anavyoweza kufikiria.

Huo mkanda wengi wanauita kola, Tanzania utawasikia wakisema kisukuma mawimbi. Watu wanadhani setilaiti iko juu inamchungulia tembo kama kamera, hapana. Setilaiti za GPS, ule mfumo wa kujua mahali ulipo, ziko kama kilomita 20,200 juu yetu na kazi yao ni kutangaza tu kama kituo cha redio, kila moja inasema mimi niko hapa na sasa hivi ni saa fulani, haijui nani anasikiliza. Anayesikiliza ni kile kidude kilichokaa juu ya shingo ya tembo, kinapima mawimbi yamechukua muda gani njiani (kama sekunde 0.07 hivi) na kikipata setilaiti 4 au zaidi kinapiga hesabu chenyewe kinajua kiko wapi. Hapo bado hakuna binadamu anayejua kitu. Mpaka kola itume, na inatuma kwa laini ya simu kama hii yako, au kwa setilaiti nyingine za mawasiliano kule kusikofika mtandao. Kama ni ya laini na tembo yuko bondeni hakuna netiwaki, anaweza kuingia, akala, akatoka, ujumbe ukafika asubuhi akishapanda mlima. Halafu kuna betri, ili ikae miaka kola nyingi zinapima mara moja kwa saa, na kwa saa moja tembo mwenye haraka keshavuka mashamba yenu yote.

Lakini kuonya inawezekana mama, na ilishafanyika hapo Kenya. Hifadhi ya Ol Pejeta kule Laikipia kulikuwa na dume mmoja anaitwa Kimani, mvunja uzio sugu, karibu kila usiku yuko kwenye mashamba ya watu. Shirika la utafiti wa tembo la Save the Elephants wakamvisha kola yenye laini ya simu, wakachora mpaka kwenye kompyuta unaofuata mpaka wa hifadhi, akiukaribia tu kola inawatumia maaskari meseji, wanaruka kwenye gari wanamrudisha. Ilipofika 2008 walikuwa wameshamzuia mara 15. Ila angalia kilichofanya kazi pale, ni kola pamoja na gari lenye mafuta na watu waliokaa macho usiku. Na huyo uliyemwona ni mmoja, wenzake aliokuja nao inawezekana hawajavaa chochote. Mimi ningeenda na chifu na majirani kuuliza nani anapokea meseji za huyo ndovu, mashamba yenu yamechorwa kwenye huo mpaka au la, na namba ya mtu mmoja wa kijijini iingizwe pale. Mna haki ya kuuliza, msiombe kwa unyonge.

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha tatu Morogoro. Kumvalisha tembo hiyo kitu si mateso? Na kujua alipo kunasaidia nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mateso hapana, usumbufu upo, na wanaofanya kazi hii vizuri wanaharakisha. Anapigwa sindano ya usingizi kutoka kwenye gari au helikopta, baada ya dakika kadhaa anaanguka. Akiangukia kifua hapo ni mbio, lazima asukumwe alale ubavu manake uzito wake mwenyewe unamzuia kupumua. Wanamkunjia sikio lifunike jicho jua lisimchome, wanachomeka kijiti kwenye ncha ya mkonga ili tundu lisizibe, mtu mmoja kazi yake ni kuhesabu pumzi tu, mwingine anamwagia maji masikioni apoe. Kola inafungwa, chini ina uzito ili kile kidude kibaki juu kikitazama mbingu. Halafu sindano ya kuamsha kwenye mshipa wa sikio na wote wanakimbilia gari, dakika mbili tatu keshasimama. Kola nzima ina kilo kumi na kitu, dume mwenyewe tani tano.

Faida? Nikupe mfano wa Morgan. Dume huyu alivalishwa kola Desemba 2015 upande wa Tana River huko Kenya, na Februari 2016 akaanza safari ya kuelekea Somalia, nchi ambayo haikuwa imeonekana tembo kwa miaka kama 20. Alikwenda zaidi ya kilomita 200 kwa wiki tatu hivi, usiku anatembea, mchana kajificha kwenye kichaka kinene. Akavuka mpaka, akakaa muda mfupi sana, akarudi. Ukiangalia zile nukta kwenye ramani unaona mnyama anayejua kabisa kwamba mchana kuna binadamu wenye bunduki, na anayekumbuka njia ya zamani. Hakuna mtafiti angeyapata hayo kwa kumfuata na gari.

SWALI: Majangili hawawezi kutumia hizo kola kuwapata tembo? Msomaji, Arusha.

JIBU: Data zinalindwa kwa nywila na hazianikwi hadharani, ila nikuambie ukweli kaka, kola haizuii risasi. Mlima Kenya kulikuwa na dume maarufu, Mountain Bull, nukta zake zilisaidia kuonyesha tembo wanapotaka kupita kati ya mlima na hifadhi ya Lewa, ikatengenezwa njia yao na mwaka 2011 kivuko kikafunguliwa chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru. Mei 2014 akakutwa ameuawa msituni, kola yake ikiwa shingoni, pembe hazipo. Iliniuma sana ile habari. Na pale chini ya barabara, magari yakipita juu, tembo wengine bado wanapita.