Nimekodi shamba, mbolea ya ruzuku anapata mwenye ardhi

SWALI: Hujambo mshauri. Nimekodi ekari tatu hapa Kwanza, Trans Nzoia, na huu ni mwaka wa tatu nikilima mahindi. Ujumbe wa kumruhusu mtu kununua mbolea ya serikali unaingia kwenye simu ya mwenye shamba kwa sababu yeye ndiye aliyejisajili. Anaichukua kwenye bohari kwa shilingi 2,500, kisha ananiuzia 4,500 kila mfuko. Nikilalamika ananiambia niende dukani. Ofisi ya kilimo wamenielekeza kwa chifu. Je, nina haki yoyote?
Mama Mkulima, Kwanza

JIBU: Mama, haki unayo. Ruzuku hii iliwekwa ili anayelima amudu mbolea, na mwenye shamba wako hajashika jembe miaka mitatu. Kodi yake umeshamlipa. Tupige hesabu. Ekari tatu, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kila ekari, ni mifuko sita. Kwa bei ya serikali ni shilingi 15,000; wewe unatoa 27,000. Hizo 12,000 ni kodi ya pili unayotozwa, na inatoka kwenye pesa za umma.

Nakumbuka vizuri tulikotoka. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulifika shilingi 6,500, watu wakapanda mahindi bila chembe ya mbolea. Septemba mwaka huo serikali ikaushusha hadi 3,500, na 2023 ukawa 2,500. Nafuu hiyo ikiishia kwa mtu asiyelima, inaniuma sana.

Umeelekezwa kwa chifu kwa sababu kilimo ni kazi ya kaunti, lakini mbolea hii ni mpango wa serikali kuu, na wakulima waliandikishwa vijijini kupitia machifu. Kilichochukuliwa ni kitambulisho, nambari ya simu, ekari na mimea. Ujumbe unafuata jina na nambari iliyoandikwa. Jina lako halimo, basi hata ulime miaka kumi simu yako haitalia.

Sasa, usikimbilie kwa chifu peke yako. Ekari zile zile hazifai kuandikwa kwa watu wawili, na kesi na mwenye shamba inaweza kukukosesha shamba lenyewe. Anza na mkataba. Mkikaa kupatana bei ya msimu ujao, muandike waziwazi: “Mbolea ya ruzuku ya ekari hizi tatu ni ya mkulima aliyekodi, kwa muda wote wa mkataba huu.” Mzee wa kijiji atie sahihi kama shahidi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Kisha mwende wawili kwa chifu, ekari hizo zitolewe kwenye jina lake ziandikwe kwako.

Akikataa katakata, mwonyeshe hesabu. Shilingi 12,000 kwa ekari tatu ni 4,000 kwa ekari. Kama mbolea inabaki kwake, basi kodi ya kila ekari ipungue kwa 4,000. Wenye mashamba wengi wanaelewa lugha hiyo upesi.

Kuna sababu nyingine ya kutaka jina lako liwemo. Mwaka 2024 ilipatikana mifuko ya ruzuku iliyoandikwa mbolea, ndani hakuna mbolea, na serikali ikalazimika kuwafidia wakulima. Jambo kama hilo likirudi, karatasi za bohari zitaonyesha kwamba aliyenunua ni mwenye shamba. Mahindi yaliyogeuka manjano yatakuwa yako, fidia itamwendea yeye.

Fanya haya mara tu unapomaliza kuvuna, wakati bado anatafuta mtu wa kukodi. Ukingoja Machi, mvua iko mlangoni na yeye anajua huna pa kwenda. Beba kitambulisho na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si ya mwanao.