Aria ni ya Cage, si ya Berio
Hapana ndugu, umesema Aria, kile kipande cha mwimbaji mmoja, ni ya Luciano Berio; ni ya mtunzi Mmarekani John Cage, ya mwaka 1958. Aliyeandikiwa ni Cathy Berberian, mwimbaji Mmarekani mwenye asili ya Armenia. Unachanganya kwa sababu Berio, mtunzi Mwitaliano, alikuwa mumewe; yeye alimwandikia Sequenza III, kipande kingine cha sauti pekee, tena baada ya ndoa kuvunjika.

Nakala ya Aria niliiona kwa mwalimu wangu wa sauti hapa Nairobi. Hakuna noti za kawaida: ni mistari ya rangi inayopanda na kushuka, kila rangi na mtindo wake wa kuimba, na vimraba vyeusi vya kelele. Maneno yako katika lugha tano. Mitindo anachagua mwimbaji, kwa hiyo rekodi ya Berberian usiichukue kama ndiyo sahihi peke yake.